Ushuhuda wa Mpiga Kinanda

Kabla kijana yule hajaanza kupiga kinanda, kanisa letu lilikuwa linaanza kila wimbo juu mno. Hatukuwa na ala yoyote. Aliyekuwa akianzisha nyimbo ni mzee wa kanisa, askari mstaafu, ambaye sauti yake ilikomaa kwenye gwaride na haikujua kushuka. Akishaanza tunamfuata. Tukifika ubeti wa pili wanaume wameshanyamaza, na wanawake wanajikaza mpaka mishipa ya shingo inatoka. Hakuna aliyewahi kusimamisha wimbo ili uanze upya chini kidogo. Kwetu wimbo ukishaanzishwa humalizwa vilevile.

Kijana aliondoa tatizo hilo kwa kidole kimoja. Alikuwa anabonyeza noti, anaiacha isikike, anatutazama juu ya miwani yake, kisha tunaingia wote mahali ambapo kila mtu anafika. Hakusomea muziki. Alijifunza kwa kutazama kwenye simu, akitumia kinanda tulichochangia sisi wenyewe, ambacho kibonyezo kimoja kilikuwa kimekufa tangu kinunuliwe. Alijua kukiruka.

"Hili ni pengo la mdomoni tu, Fundi," aliniambia nilipotaka kukifungua nikitengeneze. "Tumeshalizoea, tunatafuna upande mwingine."

Fundi ndilo jina wanaloniita wote, wakubwa kwa wadogo. Kazi yangu ni kutengeneza mafriji na mafriza, na wateja wangu wengi ni wauza barafu na wauza samaki wa Wesha. Nilizaliwa hapa Pemba. Baba yangu alikuja kutoka bara msimu mmoja wa karafuu, akakaa. Shule niliishia darasa la saba. Mengine niliyoyasoma nimeyasoma mwenyewe, polepole, kamusi ikiwa pembeni.

Wakristo wa Chake Chake tu wachache. Ni familia za askari, za watumishi walioletwa na uhamisho, za mafundi, na za sisi ambao wazazi wetu walikuja wakabaki. Kwa hiyo kundi la vijana la kanisani halikai. Mwaka huu limejaa. Baba zao wakipangiwa vituo vingine, limebaki nusu. Wanaobaki hujifunza mapema kutomzoea mtu sana. Nilichaguliwa kuwa mlezi wa vijana kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo, na kwa sababu sina watoto wa kunisubiri nyumbani Jumamosi.

Wakati fulani nilipelekwa Unguja kwenye semina fupi kuhusu afya ya akili ya vijana. Nilirudi na kijitabu, nikakisoma mara nyingi, nikatafuta vingine. Kutokana na hayo nilianzisha jambo moja tu, tukaliita kikao cha hali. Kila Jumamosi, kwaya ikimaliza mazoezi, vijana tunakaa kwenye stoo iliyo nyuma ya kanisa, kati ya viti vibovu na maturubai ya harusi, kila mmoja anasema hali yake. Sharti ni kwamba mtu asiombewe, asishauriwe wala asisomewe mstari wa Biblia mpaka wote wamesema.

Mwanzoni hawakuweza. Ukimuuliza kijana wa Kikristo hali yake atakujibu namshukuru Mungu, na hapo amefunga mlango. Nikawaambia waniambie kwa lugha ya kazi yangu. Friji zuri liko digrii nne. Likishuka sana chini ya hapo vitu vinaganda, likipanda juu vinaanza kuharibika. Basi kila mtu aseme leo yuko digrii ngapi. Hilo wakalipenda.

"Mimi leo thelathini," binti mmoja wa kidato cha pili alizoea kusema. "Nyama imeshanuka."

"Wewe umenuka siku nyingi," mwenzake anamjibu. "Hata paka amekususa."

Wanacheka, halafu katikati ya kicheko mmoja anaeleza kwa nini yuko thelathini. Baba amekatazwa ulevi kazini, sasa anamalizia hasira nyumbani. Dada amehama na barua zimekoma. Shuleni wanamuuliza kila siku atasilimu lini. Mambo ya namna hiyo. Sikuwa na dawa ya hata moja. Niliwasikiliza, na kabla ya kuondoka nilihakikisha kila mmoja anajua wiki ile atamtafuta nani akizidiwa.

Jumamosi moja, karafuu zilikuwa bado zinaanikwa barabarani na harufu yake inaingia hadi stoo, ikafika zamu ya mpiga kinanda. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto pekee wa mama mjane anayeuza maandazi na mihogo sokoni.

"Mimi naunguruma tu, Fundi," alisema. "Gesi hakuna."

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Friji lililoishiwa gesi linadanganya kuliko lililokufa. Taa yake inawaka, mota inazunguka, ukiweka mkono ubavuni unasikia uhai. Ndani kila kitu kinaoza, na mwenye friji huwa wa mwisho kujua.

Nilimbakisha anisaidie kupanga viti. Hakusumbua kuulizwa. Alikuwa halali. Chakula kilikuwa kama karatasi. Alipokuwa akipiga kinanda alisikia wimbo kana kwamba unatoka nyumba ya pili.

"Usiku namwomba Mungu nisiamke," alisema, huku akiweka kiti juu ya kiti. "Halafu naamka. Halafu itabidi nipige mswaki. Hilo la mswaki ndilo linaniudhi zaidi."

Jumatatu nilifuatana naye hospitali. Kliniki ya afya ya akili ina benchi refu kwenye ujia ulio wazi, na kila anayekwenda maabara lazima apite mbele ya magoti ya walioketi. Tulikaa. Muuguzi, mama wa makamo asiye na haraka, alizungumza naye kwa muda mrefu mlango ukiwa umefungwa, kisha akampeleka kwa daktari. Waliuita ugonjwa ule sonona. Alipewa vidonge na tarehe ya kurudi, na muuguzi akamkanya mbele yangu.

"Hivi havifanyi kazi leo wala kesho. Utakuja kujisikia mzima, na siku hiyo ndiyo hatari. Usinijie hapa na habari kwamba umepona umeacha. Kuacha tutapanga pamoja, mimi na wewe na daktari."

Nilimweleza mama yake kila kitu, kwa ruhusa ya kijana mwenyewe. Mama hakupinga vidonge, ila hakuvitegemea. Tangu mwanawe alipoanza kukesha, yeye alikuwa amefunga na kuomba, na alikuwa ameweka nadhiri: mtoto akilala, atamsimamisha mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Nilidhani ni jambo la mbali. Mtu anayeanza vidonge vile hapati nafuu kwa siku mbili.

Lakini nafuu ilikuja. Alianza kulala. Alianza kumaliza sahani. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta, bibi mmoja wa Kipemba ambaye amemwona akizaliwa, aliniita nikipita. "Fundi, mtoto yule leo kaniamkia akicheka. Mie nilishasahau kama ana meno." Na Jumamosi moja stooni kijana akasema yuko digrii kumi na mbili. Wenzake walimpigia makofi, naye akainama akitafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Wete, friza la muuza nyama liliungua. Nilirudi Jumapili asubuhi, nikaenda kanisani moja kwa moja na nguo zenye mafuta, nikakaa nyuma.

Lazima nieleze ushuhuda ulivyo kwetu. Baada ya matangazo mzee wa kanisa husema, "Nafasi ya ushuhuda." Mwenye neno anasimama, anasema Bwana asifiwe, tunaitikia Amina, anaeleza alichotendewa. Akimaliza, mzee humuuliza swali lilelile analouliza kila mtu: "Amekutendea nusu au kabisa?" Mtu hujibu "Kabisa." Hapo kanisa linapiga makofi, na ni makofi hayo yanayomruhusu kukaa. Tangu nijitambue sijasikia mtu akijibu nusu. Aliyepata nauli ya kwenda na hana ya kurudi husema kabisa. Hatuoni kwamba ni uongo. Tunaona kwamba Mungu hatoi nusu, na kwamba anayesema nusu anamdai.

Kijana alisimama. Mama yake alikuwa ameshika pindo la shati lake kwa nyuma, kama vile angeanguka.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nilikuwa silali. Sasa nalala. Nilikuwa sitaki..." akasita. "Nilikuwa sina furaha. Sasa ninayo. Mungu ameniponya."

"Nusu au kabisa?"

Nilimwona akitazama kinanda, si watu.

"Kabisa."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya siku zote, maana tulimpenda. Mama alivua mtandio akaupeperusha juu. Kesho yake sokoni aliwaambia wateja wake wote, na wateja wake, Waislamu karibu wote, walimpa mkono wakasema alhamdulillahi, kwa dhati kabisa. Mji ni mdogo. Haikuchukua muda habari ikafika hadi bandarini Wesha kwamba yule kijana wa kanisani aliyekuwa na maradhi ya moyo mzito amepona kwa maombi.

Siku ile baada ya ibada nilimvuta pembeni. "Dawa vipi?"

"Naendelea, Fundi." Alikuwa akifuta miwani yake kwa shati. Miwani haikuwa na vumbi.

Jumamosi zilizofuata kikao cha hali kilikufa, bila mtu kukiua. Zamu ikimfikia, anasema, "Mzima, namshukuru Mungu." Aliyeponywa mbele ya kanisa hawezi kusema digrii thelathini stooni. Na akishasema mzima yeye, aliyekuwa mgonjwa kuliko wote, nani mwingine atathubutu? Niliwarudisha kwenye digrii.

"Nne," akasema.

"Nne," akasema wa pili.

"Nne," akasema binti wa kidato cha pili, ambaye baba yake alikuwa hajabadilika hata kidogo. Kisha akaongeza, "Fundi, sasa funga karakana. Mafriji yote yamepona."

Walicheka sana. Niliwaombea, tukatawanyika mapema.

Ilipita miezi. Siku moja nilikuwa Wesha nafungua friza la muuza samaki, muuguzi yule akaja kununua samaki changu. Tukasalimiana, akaulizia kazi, akaulizia joto. Mtu wa kazi yake hataji mgonjwa hadharani. Alipokuwa anafungasha samaki wake alisema tu, "Fundi, siku hizi hamtupitii hata kutusalimia." Akaniangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaondoka.

Nilifunga friza bila kulimaliza.

Nilimkuta kijana nyumbani, peke yake, anafua. Niliuliza swali moja: tangu lini.

"Tangu wiki ileile ya ushuhuda," alisema. Hakuacha kufua. "Nilisema kabisa, Fundi. Ulikuwepo, ulinisikia. Sasa nikaonekane kwenye benchi lile? Nani hapiti pale? Nusu ya kwaya ina presha na sukari, wote wanakwenda maabara. Watasema nilidanganya madhabahuni."

"Wakisema?"

"Wakisema mimi, si kitu. Mama je? Ile ni nadhiri yake. Ataona Mungu aliipokea, kisha akairudisha."

Nilimwambia nitamchukulia dawa mimi. Alitikisa kichwa, alijua kama ninavyojua kwamba muuguzi lazima amwone. Nilimuuliza kama yale maombi ya usiku yamerudi. Alikamua shati, akalikung'uta, akalianika, akalinyoosha kola.

"Hayo hayakuwahi kwenda mbali," alisema.

Aliniahidi kwenda kliniki baada ya sikukuu, kwaya ikishamaliza nyimbo zake. Nilipokuwa natoka alinirudishia bisibisi yangu ndogo niliyomwazima muda mrefu. Akaniambia pia kwamba kinanda sasa hakina shida, kwa sababu amemfundisha yule binti wa kidato cha pili noti ya kwanza ya kila wimbo, na amemwekea alama za chaki ili asipotee. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekabidhi zamu.

Mtu anayegawa vitu vyake na kazi zake akiwa mtulivu, nilikuwa nimeshasoma habari zake. Sikuenda nyumbani. Nilienda kwa mzee wa kanisa.

Alikuwa barazani anamenya chungwa, akanipa nusu. Nilimweleza nilichoruhusiwa kueleza na kidogo ambacho sikuruhusiwa, maana niliona hali imefika hapo.

"Kwa hiyo, Fundi, unataka nisimame niseme Mungu amerudi nyuma?"

"Nataka useme kwamba mtu akishashuhudia bado anaruhusiwa kuumwa."

"Ushuhuda haufutwi. Hii si risiti ya friji, kwamba likiharibika ndani ya mwezi mtu anarudisha."

"Mzee, atakufa."

Aliacha kumenya. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna mgonjwa wa kanisa letu ambaye hakutembelewa naye, akiwa na mfuko wake wa machungwa. Mwishowe alisema mchungaji anakuja kutoka Unguja Jumapili ya mwisho wa mwezi, yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusema neno kama hilo, tumsubiri. Nikasema tumpigie simu. Tukapiga. Mchungaji alisikiliza, akahuzunika kweli, akasema jambo hili ni la kukaa chini, atakuja.

Nilipita kwa mama. Alikuwa anakanda unga wa kesho, mikono nyeupe hadi viwikoni.

"Fundi, usinirogee mtoto kwa maneno. Jana amelala mpaka nikamwamsha."

"Amelala au amejilaza?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikupenda kuwa nimeisababisha. "Wewe hujazaa," alisema, akarudi kwenye unga wake.

Basi nilibakiwa na jirani. Nilimkuta Bibi barazani kwake anasuka ukili. Nilimwomba, mama akiwa sokoni, awe anamtazama kijana.

"Nimtazame vipi? Kama mtoto anayetambaa?"

"Hivyohivyo, Bibi."

Hakuniuliza sababu. Alisema, "Haya," akahamisha mkeka wake upande ambao mtu anauona mlango wa nyumba ya pili.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, nipo Wesha, simu yangu ikalia.

"Fundi, mie nimepiga hodi haniitiki, nimeingia. Yu hai. Njoo na gari, njoo sasa hivi."

Alichofanya kijana sitakieleza. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba maelezo hayo hayamsaidii anayeyasoma, na huenda yakamdhuru. Nilikuwa na kirikuu cha mteja kilichopakia barafu. Tulipofika mlangoni dereva alishusha bodi la nyuma, akamwaga barafu yote barabarani ili pawe na nafasi ya kumlaza. Bibi alipanda nyuma pamoja naye, akampakata kichwa, akawa anamsomea kwa sauti ya chini njia nzima, na kila akipumzika kusoma alimwita jina lake la utotoni. Tulipoondoka niligeuka. Watoto wa mtaani walikuwa wameshaizunguka barafu, wanaokota mabonge, wanayanyonya, wanafukuzana.

Aliokolewa. Naandika haya yeye akiwa hai, na nataka msomaji ajue hilo kabla sijaendelea. Alipofumbua macho, mchana, mama yake alikuwa ameshika miguu yake na mimi nimesimama kichwani. Neno lake la kwanza lilikuwa kwangu.

"Nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

"Ushuhuda."

Mama alisikia. Aliachia miguu, akatoka nje.

Ujiani tulimkuta mzee wa kanisa na mfuko wa machungwa. Alikuwa ameshalia, macho yake hayakuficha. Aliomba sala fupi, nzuri. Kisha, kwa kazi yake ya zamani, alianza kupanga. Alituambia jambo kama hili linaweza kuitwa kosa mbele ya sheria, na kwamba watu watamsema kijana maisha yake yote.

"Jumapili tutatangaza tumbo," alisema. "Amekula kitu kikamdhuru tumbo. Hilo si uongo mkubwa."

Bibi alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. "Tumbo!" alisema. "Nyie watu wa ajabu. Mlimtangaza kapona hajapona. Sasa mwamtangaza anaumwa asichoumwa. Lini mtamwacha aumwe chake?"

"Bibi, haya ni mambo ya kanisa."

"Ya kanisa ni hayo mnayosema. Huyu aliyelala humo nimemuogesha mie, siku ya saba kazaliwa."

Mzee alimgeukia mama. "Mama, unasemaje?"

Mama alikuwa anaangalia lile benchi la kliniki, ambalo kutoka tulipokuwa tumesimama linaonekana mwisho wa ujia. Watu watano au sita walikuwa wameketi, wameinamisha vichwa. Mmoja alikuwa amejifunika uso kwa kanga ingawa joto lilikuwa kali. Mama hakusema kitu. Mzee akachukua kimya chake kuwa ni ndiyo.

Siku zilizofuata kijana alibaki hospitali. Muuguzi alikuja kumwona kila siku, akamwanzishia dawa upya. Hakumlaumu. Alimwambia tu, "Sasa tunaanza mwanzo. Mwanzo ni mrefu." Mimi nililala nyumbani na kushinda pale. Mara moja nilimuuliza yuko digrii ngapi. Alifikiri, kwa uaminifu, kama anayesoma kipimo.

"Hata kipimo sijui kiko wapi, Fundi."

Nikamwambia jibu hilo linanitosha.

Jumapili Bibi alikaa naye ili mama aende ibadani. Mchungaji alikuwa bado hajafika; mwisho wa mwezi ulikuwa mbele. Mzee wa kanisa ndiye aliyeongoza. Yule binti wa kidato cha pili alikuwa ameketi kwenye kinanda, mgongo umenyooka, kidole kimoja tayari juu ya alama ya chaki. Mzee alisoma matangazo. La mwisho lilikuwa kwamba mpiga kinanda wetu amelazwa kwa tatizo la tumbo, anaendelea vizuri, tumkumbuke. Kisha akasema, "Nafasi ya ushuhuda."

Mama alisimama.

Nilimwona mzee akitabasamu kwa nafuu. Alidhani amesimama kushukuru.

"Bwana asifiwe," mama alisema.

"Amina."

"Mwanangu haumwi tumbo." Sauti yake ilikuwa ile ya sokoni, isiyopaa, inayofika. "Mwanangu anaumwa ugonjwa uleule. Nilimsimamisha hapa mimi, kwa nadhiri yangu, aliulizwa nusu au kabisa akajibu kabisa, kwa sababu mimi nilikuwa nimemshika shati. Hakuwa amepona. Alikuwa na nafuu, na nafuu ile ilikuwa ya Mungu na ya vidonge, akaacha vidonge ili nisiaibike. Jumatano alitaka kufa. Sasa ameanza tena dawa. Atakuwa anakaa kwenye lile benchi la njia ya maabara kila akiitwa, na mimi nitakaa naye. Mkipita, msalimieni. Ni hayo tu."

Ilikuwa zamu ya mzee kuuliza swali lake. Alifungua mdomo, na nina hakika swali lilikuwa limeshafika ulimini, maana amelitumia miaka yote hiyo. Akaufunga. Akatazama daftari la matangazo kama vile pale palikuwa na kitu kilichobaki.

Hakuna aliyepiga makofi. Sidhani kama ilikuwa chuki. Hatukujua kama ushuhuda wa namna ile hupigiwa makofi au la. Hakuna aliyetufundisha kingine cha kumpa mtu aliyesimama. Niliinua mikono yangu kutoka magotini, nikaona nikipiga peke yangu nitakuwa namfanyia mzaha, nikaishusha. Mtoto mdogo mbele aliuliza kwa sauti, "Mama, amemaliza?" akanyamazishwa.

Ndipo mzee akaanza wimbo. Binti alikuwa bado hajabonyeza noti. Alishtuka, akaondoa kidole, akaweka mikono mapajani. Mzee alianza juu mno, kama zamani. Tulimfuata. Ubeti wa pili wanaume tulikuwa tumeshanyamaza. Wanawake waliendelea, wakijikaza, na kati yao niliisikia sauti ya mama, imepasuka lakini haijaacha. Alikuwa bado amesimama, mikono imeshika kiti cha mbele. Alisimama mpaka ubeti wa mwisho, akingoja kukalishwa.